Kabla kisu hakijagusa ngozi: jinsi ya kumpa dawa ya kinga mgonjwa wa upasuaji wa tumbo

Chupa ya metronidazoli ya mililita 100 inaning'inia kwenye stendi, dawa imeshuka nusu tu. Upande wa pili wa shuka la kijani daktari ameshafungua tumbo na vidole vyake vimeshafika kwenye utumbo. Picha hiyo nimeiona mara nyingi katika kazi ya thieta, na miaka ya mwanzo mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naitundika chupa hiyo kwa kuchelewa. Kwenye faili tuliandika "dawa imetolewa", na siku ya nne au ya tano mgonjwa akawa na usaha kwenye mshono. Tulimwongezea sindano, kisha vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hakuna aliyerudi nyuma kuuliza dawa ya kwanza iliingia mwilini saa ngapi. Dawa hiyo ya kwanza ndiyo dawa ya kinga: antibayotiki anayopewa mgonjwa kabla ya mkato ili kidonda kisipate maambukizi.

Nawaandikia wauguzi wa thieta, wataalamu wa usingizi, matabibu na madaktari wa hospitali za wilaya na vituo vya afya vinavyopasua. Nawaandikia pia wauguzi wa wodi, maana nusu ya makosa haya hutendeka huko. Ndugu wa mgonjwa wakiusoma watajua la kuuliza. Dozi nilizoweka ni za mtu mzima, na kama hospitali yako ina mwongozo wake wa dawa, huo ndio utangulie.

Ukubwa wa tatizo tunaujua. Katika hospitali ya Bugando, Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wagonjwa 250 waliopasuliwa, na asilimia 26 kati yao walipata maambukizi ya kidonda. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa GlobalSurg, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 wa upasuaji wa tumbo kutoka nchi 66. Katika nchi zilizoendelea waliopata maambukizi walikuwa asilimia 9.4, na katika nchi za chini kabisa kimaendeleo asilimia 23.2. Katika kundi hilo la mwisho, zaidi ya theluthi moja ya usaha uliopimwa ulikuwa na bakteria sugu kwa dawa ileile mgonjwa aliyopewa kama kinga. Yaani tunatumia dawa nyingi, na bado wagonjwa wanaoza vidonda.

Hatua ya kwanza: jiulize, hii ni kinga au ni tiba?

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote, kwa hiyo lisemwe kwa sauti wakati mnapanga kesi.

Kinga ni kwa mgonjwa ambaye tumbo lake bado halina maambukizi. Mama anayejifungua kwa upasuaji, kidole tumbo kilichovimba lakini hakijapasuka, mfuko wa nyongo wenye mawe, uvimbe wa utumbo mpana uliopangiwa tarehe: hawa wote wanapewa dozi moja kabla ya mkato, na upasuaji ukiisha nayo imeisha.

Tiba ni kwa mgonjwa ambaye maambukizi yamekwisha kuingia. Kidole tumbo kilichopasuka, utumbo uliotobolewa na taifodi, utumbo uliojisokota ukaoza, usaha ndani ya tumbo. Hawa wanaanza dawa pale pale ugonjwa unapotambuliwa, mara nyingi kule mapokezi au wodini, na wanaendelea nazo baada ya upasuaji. Hata hivyo kuendelea si kuendelea bila mwisho. Utafiti wa STOP-IT uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulilinganisha siku kama 4 za dawa na siku nyingi zaidi, baada ya chanzo cha usaha kuondolewa vizuri. Matokeo yalilingana. Kwa hiyo na hawa waandikie tarehe ya kusimamisha dawa tangu siku ya kwanza.

Wapo pia ambao hawahitaji kabisa. Mgonjwa asiye na hatari nyingine, anayetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo na kwa kupangiwa tarehe, anaweza kupasuliwa bila dawa hizi. Ngiri ya kawaida isiyowekwa wavu nayo hatari yake ni ndogo.

Kosa tunalolifanya kila siku ni kumchukua mgonjwa wa kinga na kumtibu kama wa tiba: siku tano za sindano "kwa usalama". Usalama haupo hapo. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya kidonda cha upasuaji ilisema wazi kwamba dawa ya kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika.

Hatua ya pili: mwulize na mpime

Mwulize mgonjwa kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na ilimfanya nini. Usiridhike na neno "aleji". Kuharisha baada ya amoksilini si mzio. Vipele vidogo miaka kumi iliyopita ni jambo jepesi, na kwa kawaida havizuii kupewa sefazolini, dawa ya kinga ninayoishauri katika hatua ya tatu. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi, kuanguka na kupoteza fahamu baada ya sindano ya penisilini ni jambo zito, na hapo unabadili dawa. Andika tukio lenyewe kwenye faili, lisiwe neno moja.

Mpime uzito kwa mizani. Watoto dozi zao zote zinapigwa kwa kilo, na mtu mzima wa kilo 120 au zaidi anahitaji sefazolini gramu 3 badala ya 2. Kukisia uzito kwa macho kumetuponza sana.

Uliza pia ni dawa gani ameshapewa leo, na saa ngapi. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu ya saa zetu. Muuguzi mmoja anaandika "saa 3:10" akimaanisha asubuhi yetu ya Kiswahili. Mwingine anaandika "9:10" akimaanisha wakati uleule. Mtu wa zamu ya tatu anasoma 3:10 akadhani ni mchana, anaamini dawa imetoka sasa hivi, kumbe ina saa sita mwilini. Kubalianeni hospitali nzima kutumia saa ya tarakimu 24 kwenye mafaili: 09:10 ni 09:10. Mdomoni tuendelee na saa zetu.

Hatua ya tatu: chagua dawa

Bakteria wa ngozi na wa sehemu ya tumbo unayoifungua ndio wanaochagua dawa. Ngozi ina stafilokoka. Utumbo mpana una E. koli na jamaa zake, pamoja na bakteria wasiopenda hewa ya oksijeni, na hawa wa mwisho ndio metronidazoli inaowaua.

Upasuaji wa kujifungua, tumbo la chakula, mfuko wa nyongo: sefazolini gramu 2 kwa mshipa, inatosha peke yake. Kidole tumbo, utumbo mpana, utumbo mwembamba ulioziba: sefazolini gramu 2 pamoja na metronidazoli miligramu 500, ile wengi tunayoiita Flagyl. Mwenye mzio mzito wa penisilini, kwa upasuaji wa utumbo, mpe jentamisini miligramu 5 kwa kila kilo pamoja na metronidazoli miligramu 500. Angalia figo zake kwanza, na mtaalamu wa usingizi akumbuke kwamba jentamisini huongeza nguvu ya dawa za kulegeza misuli, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuchelewa kupumua mwenyewe.

Sasa seftriaksoni. Najua ndiyo iliyojaa kabatini, na najua ndiyo mkono wetu unaikimbilia. Lakini WHO imeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa karibu, wakati sefazolini imo kwenye kundi la mstari wa mbele. Seftriaksoni ni dawa tunayoitegemea kwa homa ya uti wa mgongo na kwa mgonjwa ambaye maambukizi yameshaenea kwenye damu. Kila chupa tunayompa mtu ambaye hakuihitaji inawafundisha bakteria kuizoea. Tena kwa stafilokoka wa ngozi sefazolini ina nguvu zaidi. Kaa na mfamasia wako, mwombe aiweke sefazolini kwenye oda ya Bohari ya Dawa na aihesabu kama dawa ya thieta. Siku ambayo seftriaksoni ndiyo pekee iliyopo, mpe gramu 2 mara moja, na metronidazoli kama unafungua utumbo. Usicheleweshe upasuaji wa dharura kwa kutafuta dawa bora.

Hatua ya nne: saa, saa, saa

Mwaka 1961 huko Boston, daktari mpasuaji John Burke aliwachoma simbilisi bakteria kwenye ngozi na kuwapa penisilini kwa nyakati tofauti. Waliopata dawa kabla ya bakteria kuingia, vidonda vyao havikukua. Waliopata saa tatu au zaidi baadaye walikuwa kama hawakupewa kitu. Miaka 31 baadaye, mwaka 1992, ukatoka utafiti wa wagonjwa 2,847 wa hospitali moja ya Salt Lake City. Waliopewa dawa ndani ya saa mbili kabla ya mkato, walioambukizwa walikuwa asilimia 0.6. Waliopewa mapema kuliko hapo, asilimia 3.8. Waliopewa zaidi ya saa tatu baada ya mkato, asilimia 3.3.

Sababu yake inaeleweka ukifikiria kidonda chenyewe. Kisu kinapokata, damu inamwagika na kuganda kwenye nafasi ile. Damu ile ikiwa tayari ina dawa, bakteria wanaoanguka humo wanakutana nayo. Ikiwa haina, tone lililoganda linakuwa nyumba yao, na dawa utakayoichoma baadaye inapita kwenye mishipa ya jirani bila kufika ndani.

Kwa hiyo lenga dakika 15 hadi 60 kabla ya mkato. WHO inaruhusu hadi dakika 120, lakini nusu ya sefazolini inatoka kwenye damu kwa muda wa saa mbili hivi, na kwa dawa ya namna hiyo nashauri tusitoke nje ya saa moja.

Usikubali dozi hii itolewe wodini. Wodini wanaitoa saa mbili asubuhi kwa sababu mgonjwa ni wa pili kwenye orodha. Kesi ya kwanza inachukua muda, umeme unakatika, inaingia dharura ya mama mjamzito, na yule wa pili anaingia kisuni saa saba mchana. Dozi ni ya mtu mmoja, mahali pamoja: mtaalamu wa usingizi, ndani ya thieta au mapokezi yake, mara tu kanula inapokaa vizuri.

Metronidazoli ndiyo inayotangulia, kwa kuwa inashuka kwa dripu ya dakika 20 hadi 30. Itundike mgonjwa anapofika mlangoni pa thieta, kabla hujamgeuza kwa ganzi ya mgongoni. Ikiisha, sukuma sefazolini. Kwa njia hii chupa haining'inii tena nusu wakati tumbo liko wazi.

Kwa mama wa upasuaji wa kujifungua, zamani tulingoja kitovu kibanwe ndipo dawa itolewe, kwa hofu ya mtoto. Siku hizi WHO inaelekeza itolewe kabla ya mkato, kwa sababu mama analindwa zaidi. Wakunga na madaktari wa zamani wakikusimamisha, waeleze kwa upole.

Hatua ya tano: kuchanganya na kuchoma

Hapa mkono ndio unaofanya kazi. Sefazolini inakuja kama unga mweupe, mara nyingi gramu 1 kwa kichupa. Kwa gramu 2 unafungua vichupa viwili. Futa kifuniko cha mpira kwa spiriti, acha kikauke, ingiza mililita 10 za maji ya sindano kwenye kila kimoja, tikisa mpaka unga uishe pembeni mwa kioo, kisha angalia dhidi ya mwanga. Choma polepole kwa dakika 3 hadi 5. Usisukume kwa pumzi moja kwa sababu daktari anagonga mlango.

Seftriaksoni ina mambo mawili ya hatari. La kwanza, isikutane na dripu ya Ringa, ile RL, kwenye mrija mmoja, kwa sababu Ringa ina kalsiamu na viwili hivyo hutengeneza chembechembe ngumu. Funga Ringa, safisha mrija kwa maji ya chumvi, choma, safisha tena. Kwa kichanga usithubutu kabisa kuzipa pamoja. La pili, kimiminika cha kuchanganyia chenye lidokaini ni cha sindano ya msuli tu. Kisiingie kwenye mshipa.

Acha dakika chache kati ya dawa hii na dawa za usingizi. Presha ikianguka na ngozi ikatoka mabaka, unataka kujua ni dawa ipi iliyofanya hivyo. Adrenalini iwe mezani, na dozi yake iwe tayari akilini mwako: miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja, bila kungoja.

Kisha andika: jina la dawa, dozi, saa, sahihi yako.

Hatua ya sita: semeni kwa sauti

Kabla ya kisu kila mtu anasimama. Orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO ina swali moja linalotuhusu: dawa ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Orodha ile ilijaribiwa kwenye hospitali za miji minane duniani, na mmoja ulikuwa Ifakara, hapa kwetu Morogoro. Matokeo yalitoka Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mimi hujibu kwa saa, sijibu kwa "ndiyo". "Sefazolini gramu 2, saa 10:42. Flagyl imeisha 10:40." Daktari akisikia saa anajua kama aanze au angoje. Kama upasuaji si wa kuokoa maisha dakika hiyo, na dawa haijaingia, angojee. Dakika kumi za kusimama na glavu mkononi ni ndogo kuliko wiki tatu za kusafisha kidonda.

Hatua ya saba: tumbo likiwa wazi muda mrefu

Sefazolini rudia kila baada ya saa 4, ukihesabu tangu dozi ya kwanza na si tangu mkato. Rudia pia mgonjwa akimwaga damu zaidi ya mililita 1,500. Seftriaksoni na metronidazoli kwa upasuaji wa kawaida hazirudiwi. Mimi hubandika kipande cha plasta kwenye mashine ya usingizi na kuandika saa ya dozi inayofuata kwa kalamu nene, maana katikati ya damu kichwa husahau.

Wakati wa kufunga tumbo, badilisheni glavu na mchukue vyombo vingine safi. Utafiti wa ChEETAh wa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi saba zikiwemo Rwanda, Ghana na Nigeria, ulionyesha kwamba kitendo hicho peke yake kilishusha maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.

Mengine nayapitia haraka, ila yana uzito wake. Mgonjwa aoge siku ya upasuaji au usiku wa kuamkia siku hiyo. Nywele zisinyolewe kwa wembe, na zikizuia kazi zipunguzwe kwa mashine. Ngozi ipakwe dawa yenye spiriti na iachwe ikauke. Sukari ipimwe. Mgonjwa asilale uchi kwenye baridi ya kiyoyozi.

Hatua ya nane: wodini, na neno la kumwambia ndugu

Muuguzi wa wodi anapompokea mgonjwa wa kinga, asitafute seftriaksoni ya jioni. Daktari aandike kwenye faili kwa maneno kamili: "Dawa ya kinga imekamilika. Hakuna antibayotiki zaidi." Pakiachwa wazi, mtu wa zamu atapajaza kwa mazoea.

Kazi ngumu ni kwa ndugu. Bibi mmoja alinishika mkono kando ya kitanda cha mjukuu wake, kijana wa kidole tumbo.

"Mwanangu, mbona yule wa kitanda cha pili anachomwa asubuhi na jioni, na huyu wangu hachomwi? Au kwa kuwa sisi tumetoka mbali?"

"Shikamoo, bibi. Hapana. Mjukuu wako alishachomwa jana kabla ya kupasuliwa. Dawa ilifanya kazi yake pale tumbo lilipokuwa wazi, na sasa mlango umefungwa. Yule mwenzake utumbo ulikuwa umetoboka, yeye anatibiwa uchafu uliokuwa tayari ndani."

"Kwa hiyo hamjamsahau."

"Hatujamsahau. Kesho nikikifunua kidonda nitakuita uone kwa macho yako."

Nilimwita. Ukiahidi hivyo, timiza, kwa sababu ndugu anayeona kidonda kikavu hataenda duka la dawa kununua vidonge vya amoksilini kwa siri.

Plasta ya thieta iacheni saa 24 hadi 48 kama haijalowa. Mkifunua, tafuteni wekundu unaoenea, joto, uvimbe, maji au usaha, na homa isiyo na sababu nyingine. Homa ndogo ya siku ya kwanza pekee haitoshi kuanzisha antibayotiki. Usaha ukiwepo, dawa yake ya kwanza ni kufungua nyuzi, kuutoa na kusafisha. Pelekeni sampuli maabara kabla ya kugusa dawa nyingine, kwa kuwa bakteria waliokua baada ya sefazolini wanaweza kuwa si wale wa kawaida.

Maambukizi ya kidonda huhesabiwa hadi siku 30, na wagonjwa wetu wengi wanaruhusiwa siku ya tatu au ya nne. Basi chukueni namba ya simu ya mgonjwa na ya jirani yake, na wekeni daftari moja la thieta lenye safu nne: saa ya dawa, saa ya mkato, saa ya kufunga, hali ya kidonda siku ya 30. Simu ya kwanza pigeni siku ya saba, ya pili siku ya 30, na mwulizeni swali moja la wazi: "Mshono umekauka, au kuna kinachotoka?"